Mti Uliosimama Ni Ghala: Kwa Nini Tulinde Migunga ya Lokichoggio

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wetu wa mawasiliano katika baraza la wananchi mjini Lokichoggio, Kaunti Ndogo ya Turkana Magharibi. Tumeyachapisha ili yawafikie pia wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nianze kwa kukiri jambo moja. Mimi si mtaalamu wa misitu. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuwaletea habari ya yale yanayofanywa kwa jina lenu na kwa pesa zenu. Lakini kuna swali ambalo nimeulizwa mabarazani mara nyingi, nami kila mara nikalijibu nusunusu. Mama mmoja aliliuliza hivi: "Mnatuambia tusikate miti kwa sababu ya hewa. Hewa haionekani, njaa inaonekana. Hiyo hewa ni nini, na mti una habari gani nayo?"

Swali la mama huyo ni la haki. Nimesoma na nimewauliza wanaojua, na leo nimekuja kulijibu.

Tuangalie kwanza mti wenyewe. Chukua mgunga mkubwa, huu tunaouita ewoi. Ukiukata na kuupakia kwenye lori, utaona uzito wake. Je, uzito huo ulitoka wapi? Wengi wetu tutasema ulitoka ardhini, kwamba mti umekula udongo. Lakini kama mti ungekula udongo, chini ya kila mgunga mkubwa pangekuwa na shimo. Hakuna shimo.

Karibu miaka 400 iliyopita, mtu mmoja huko Ubelgiji aliyeitwa Jan Baptist van Helmont aliamua kulipima jambo hili. Alipima kilo 90 hivi za udongo mkavu, akautia kwenye chungu kikubwa na kupanda mche wa kilo 2 na kidogo. Kwa miaka mitano hakuongeza kitu ila maji. Alipoupima tena, mti ulikuwa na zaidi ya kilo 75. Udongo nao ulikuwa umepungua gramu 60 hivi, yaani konzi moja tu. Van Helmont akadhani mti wote umetokana na maji. Waliokuja baada yake waligundua kwamba sehemu kubwa ya mbao imetoka katika hewa.

Inakuwaje? Hewani kuna hewa moja iitwayo hewa ya ukaa. Ndiyo tunayoitoa tunapopumua, na ndiyo inayotoka kwenye moto na kwenye bomba la lori. Jani la mti lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Kupitia matundu hayo jani huvuta hewa ya ukaa, na kwa nguvu za jua huichanganya na maji yaliyopandishwa na mizizi. Linapata chakula chake, kisha linarudisha nje oksijeni tunayovuta sisi. Watoto wa shule waliopo hapa wanaijua kazi hiyo kwa jina la usanisinuru. Ukaa wenyewe, ambao vitabu vingine huuita kaboni, unabaki mtini na kugeuka shina, tawi, mzizi na tunda.

Jina lenyewe la Kiswahili linatusaidia. Ukaa na makaa ni neno moja. Anayetazama gunia la makaa pale barabarani anatazama kitu kilichokuwa hewani kabla ya mti kukivuta na kukiweka. Wataalamu wanasema kwamba nusu hivi ya uzito wa mti mkavu ni ukaa. Kwa hiyo mti uliosimama ni ghala. Umeweka akiba kila msimu wa mvua, kidogo kidogo, tangu enzi za babu zetu.

Sasa tufungue ghala hilo tuone kinachotoka. Tuchukue gunia moja la makaa la kilo 40. Kwa tanuri la udongo ambalo wengi wetu tunalitumia, kilo moja ya makaa huhitaji kilo 6 hadi 10 za kuni kavu. Tuhesabu kwa 7. Gunia hilo limekula kilo 280 za kuni, na nusu yake, kilo 140, ni ukaa. Ukaa ukiungua huungana na oksijeni, na kila kilo moja huwa kilo 3 na zaidi ya nusu za hewa ya ukaa. Ukijumlisha moshi wa tanuri na moto wa jikoni, gunia moja hurudisha hewani karibu kilo 500. 

Mtu atauliza, hewa hiyo ina ubaya gani, nasi tumeishi nayo siku zote? Kweli, bila hewa ya ukaa dunia ingekuwa baridi isiyokalika. Inafanya kazi ya blanketi: inazuia joto la jua lisitoroke lote usiku. Shida ni kwamba blanketi limezidi unene. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza Ulaya, katika kila vipimo milioni moja vya hewa, vipimo 280 hivi vilikuwa hewa ya ukaa. Leo vimepita 420. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imetokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi, na sehemu nyingine imetokana na misitu iliyofyekwa na kuchomwa.

Matokeo yake hatuhitaji kuhadithiwa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 misimu mitano ya mvua ilitupita mfululizo. Nchini kote tulipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kila familia hapa inajua ilizika wangapi. Mwaka 2023 wanasayansi wa kundi linaloitwa World Weather Attribution walichunguza ukame huo katika Pembe ya Afrika. Walisema mabadiliko ya tabianchi yameufanya ukame wa namna hiyo uwezekane takriban mara 100 zaidi kuliko zamani, hasa kwa sababu joto lililoongezeka linakausha ardhi na malisho upesi.

Hapa naomba tusemezane ukweli. Mama anayepika kwa kuni Lokichoggio siye aliyelinenepesha blanketi la dunia. Kenya yote inatoa chini ya moja kwa mia ya hewa chafu ya dunia, na Turkana ni sehemu ndogo mno ya hiyo. Mtu akikuambia kwamba ukame huu umetokana na gunia lako la makaa, amekuonea. Tena tukiacha kukata miti yote ya Turkana leo, mvua haitarudi kesho kwa sababu hiyo.

Basi kwa nini tujisumbue? Ninazo sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba misitu ya dunia hufanya kazi kwa pamoja, kama ng'ombe wa kundi moja. Miti na udongo wa dunia nzima hunyonya karibu theluthi ya hewa ya ukaa inayotolewa na watu kila mwaka. Bila msaada huo joto lingekuwa limepanda zaidi ya hapa. Msitu wa Kongo unatoa sehemu yake, wa Mau sehemu yake, na migunga yetu ya laga pia ina sehemu yake. Katika nchi kavu kama yetu, akiba kubwa haionekani kwa macho kwa kuwa iko chini, kwenye mizizi mirefu na kwenye udongo. Udongo wa dunia umehifadhi ukaa mwingi kuliko mimea yote na hewa yote kwa pamoja. Mti ukiondolewa, kivuli kinaondoka, upepo unachukua udongo wa juu, mafuriko ya laga yanasomba uliobaki, na akiba hiyo nayo inakwenda.

Sababu ya pili ni yetu wenyewe. Mti ule ule unaohifadhi ukaa ndio unaotuokoa ukame ukifika. Nyasi zikiisha, mbuzi na ngamia hula matunda ya ewoi na majani ya esekon. Edapal ikizaa, watu pia hula. Kivulini mwa mti ndipo wazee huamulia kesi. Dunia inafaidika na mgunga wetu kidogo, lakini sisi tunafaidika nao sana. Tungekuwa na sababu ya kuulinda hata kama hakuna mtu Nairobi au Ulaya aliyewahi kutamka neno tabianchi.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya wizara yoyote. Kandokando ya Turkwel na mito mingine, familia zina ekwar, yaani kipande cha msitu wa mto ambacho miti na matunda yake vina wenyewe. Mtu wa nje huomba ruhusa. Unaweza kukata matawi kulishia mbuzi, lakini kuangusha mti mzima kunakupeleka mbele ya wazee. Mwaka 1990 mtaalamu wa misitu aitwaye Edmund Barrow aliandika juu ya ekwar, akionyesha kwamba desturi hiyo ni uangalizi wa kweli wa msitu.

Kuna na jambo lingine, ambalo lilinifurahisha nilipolisoma. Mara nyingi mfugaji amelaumiwa kwamba mifugo yake inamaliza miti. Watafiti wawili, Robin Reid na James Ellis, walichunguza migunga ya kusini mwa Turkana na kuchapisha matokeo yao mwaka 1995. Waligundua kwamba migunga michanga inaota zaidi kwenye maboma yaliyohamwa. Mbuzi hula matunda, mbegu zinapita tumboni na kutoka zikiwa tayari kuota, zinaangukia kwenye samadi yenye rutuba na unyevu. Familia inahama, mvua inanyesha, na pale palipokuwa boma panaota kichaka cha ewoi. Wazee mliopo hapa mnaitikia kwa vichwa, kwa hiyo nyinyi mlilijua siku nyingi.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Mji huu una historia yake. Tangu 1989, ilipoanza operesheni ya misaada ya Sudan Kusini, ndege zilishuka hapa mchana kutwa. Kulikuwa na kazi za upakiaji, udereva, ulinzi na upishi. Baada ya amani ya 2005 mashirika yalihamia Juba polepole, na kazi zikaenda nayo. Kisha ukame ukaondoa mifugo. Aliyebaki bila mshahara na bila mbuzi alitazama pembeni akaona kitu kimoja cha kuuza, nacho ni mti. Huko Kakuma, ambako kambi ipo tangu 1992, maelfu ya majiko yanahitaji kuwashwa kila siku, na wanunuzi hawakosekani.

Kwa hiyo sikuja kumfokea mama anayeuza makaa. Anayeambiwa asikate lazima aambiwe pia atakula nini. Lakini hesabu ninayomwomba aifanye ni hii: mti wa miaka mingi huuzwa kwa magunia machache, na pesa zake huisha kwa siku chache. Mti ule ule ukiachwa hulisha mbuzi kila kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Tena kila mwaka makaa yanatoka mbali zaidi. Wale wanaokata wanajua wenyewe wanatembea saa ngapi leo, na walitembea saa ngapi miaka kumi iliyopita.

Nini basi kinawezekana? Nitataja mambo manne, yote ya kufanyika hapa hapa.

Kwanza, tuchague cha kukata. Tunao mti wa kigeni, etirae, ambao kwingine nchini huitwa mathenge. Uliletwa nchi kavu za Kenya kwa nia njema, kuzuia jangwa, na katika miaka ya 1980 ukaenea. Leo unaziba malisho, njia na kingo za laga. Huko Baringo wananchi waliukasirikia hadi wakaishtaki serikali, wakampeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula matunda yake. Mtu ataniuliza: si umesema kila mti ni ghala la ukaa, hata etirae? Ni kweli. Lakini etirae ukikatwa huchipua tena upesi, wakati ewoi mkubwa hauwezi kurudishwa katika maisha ya aliyeukata. Kama ni lazima makaa yapatikane, yatoke kwenye etirae na kwenye miti iliyokufa yenyewe. Na kumbukeni, kuchoma makaa ya kuuza na kuyasafirisha kunahitaji kibali. Vikundi vilivyosajiliwa vinaomba kibali kwa urahisi kuliko mtu mmoja mmoja, kwa hiyo jiungeni, kisha mwoneni afisa wa misitu kabla ya kuwasha tanuri.

Pili, tuunguze kidogo. Jiko lililoboreshwa, lile la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, huokoa karibu theluthi ya makaa au zaidi ukilinganisha na jiko la bati tupu. Mawe matatu yakikingwa upepo kwa udongo, kuni zinapungua na moshi machoni unapungua. Katika nyumba tatu zenye majiko kama hayo, gunia moja hubaki mtini.

Tatu, tulinde kinachoota chenyewe. Serikali ya kitaifa ilitangaza tarehe 13 Novemba 2023 kuwa sikukuu ya kupanda miti, na lengo la nchi ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Ni jambo jema, nasi tulipanda. Lakini ninyi na mimi tunajua mche unavyokufa Lokichoggio usipopata maji na ua. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja, kulea ni kazi ya miaka. Nchi kavu ina njia rahisi zaidi. Boma lililohamwa likianza kuotesha migunga, lizungusheni miiba misimu michache hadi miti ipite mdomo wa mbuzi. Hatununui mche wala kuchota maji, kwa sababu mizizi tayari inajua njia. Hata mche mmoja karibu na nyumba, mtoto wa shule akipewa autunze, unatosha kuanzia.

Nne, tuwe macho na makaratasi. Siku hizi ukaa ulio mtini umekuwa bidhaa. Kampuni zinazotoa hewa chafu mbali huko zinalipa ili misitu ya wengine isikatwe. Wapo Wakenya waliofaidika. Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 wamekuwa wakiuza ukaa uliohifadhiwa, na pesa zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Wamefaulu kwa sababu kijiji chenyewe ndicho kinachoamua.

Nasi wageni wenye makaratasi watatufikia. Sikilizeni sheria inavyosema. Ardhi ya jamii hapa Turkana ni yenu, na pale ambapo haijasajiliwa, serikali ya kaunti imewashikia tu kama mdhamini. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba na mwekezaji hauwi halali mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii waukubali katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inataka mradi wa ukaa ulio juu ya ardhi uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya jumla ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mtu akija usiku na karatasi ya kutia kidole gumba, iwe ni kwa mzee mmoja au kijana mmoja, mwambieni arudi mchana, aje barazani, na mkataba usomwe kwa Kiturkana mbele ya wote, wanawake wakiwemo.

Wapendwa, nikimaliza nirudi kwa mama aliyeuliza swali. Mama, hewa haionekani, ni kweli. Lakini ukitaka kuiona, nenda pale laga, weka mkono kwenye shina la mgunga. Unachokishika ni hewa iliyovutwa na kuwekwa, kwa jua na kwa mvua chache tulizopata. Babu zetu walikata matawi wakaacha shina, ndiyo maana sisi tumekuta kivuli. Nasi tukiacha shina, watakaokuja watakuta kivuli, matunda ya mbuzi, na mahali pa kukaa wakizungumza kama tunavyozungumza leo.